Mpaka Tuvuke Nzoia

Mpendwa Baba,

Juzi wamebadilisha kibao cha barabara yako, ile uliyoijenga. Wameng'oa jina la mzungu, wakaweka la kiongozi wetu wa taifa. Watu walishangilia hadi wakapaliwa. Mimi nilisimama kando nikikutafuta kwa macho, maana najua bado uko hapa Eldoret.

Unakumbuka ulivyojivunia upana wake? "Mama, hapa ng'ombe kumi na sita wanageuza gari bila kufunguliwa hata mmoja." Uliniita Mama kwa kuwa nilirithi jina la mama yako. Hakuna mwingine aliyeniita hivyo, mtoto wa miaka tisa.

Kisha gari la mawe likakulalia. Wenye kazi walikuzika upesi, na tulipofika, nyapara hakujua hata kaburi ni lipi. Shangazi akasema basi tufanye ya kwetu: tukuite pale ulipoangukia, tuokote jiwe, tulibebe likazikwe nyumbani penye migomba. Nikapewa mimi jiwe, mzaliwa wako wa kwanza.

"Usimwitikie mtu mpaka tuvuke mto Nzoia," alinionya. "Hata akikuita kwa jina. Ukiitika, baba yako anabaki."

Asubuhi hiyo ukungu ulikuwa mzito. Kabla hatujamaliza barabara nikasikia nyuma yangu, "Mama!" Ilikuwa sauti yako, pamoja na kile kikohozi chako kidogo. Nikaitika, "Abee!"

Jiwe likawa jepesi kama gunzi. Sikumwambia Shangazi. Tulizika jiwe tupu, Baba, na watu wakalia.

Nimeolewa huku, nimezalia huku, nauza sukuma wiki kando ya barabara hiyo hiyo. Kila ukungu ukishuka nasikia hatua nyuma yangu. Nikisimama, zinasimama. Halafu kikohozi. Wanangu wanasema ni uzee, nami nawaacha waseme. Sijui siku ile ulikuwa unaniaga au ulikuwa unakataa kwenda. Nimechoka kukuogopa, na bado nakukosa.

Shangazi alishafariki, kwa hiyo siri hii ni yetu wawili. Kesho alfajiri nakuja kuokota jiwe lingine. Nitakuita mara moja tu, kisha nitashika njia ya nyumbani.

Najua utaniita. Utakohoa kwanza, halafu utaniita Mama, na moyo utanipasuka. Nisamehe, Baba. Safari hii sitaitika.

Ni mimi mwanao, uliyenipa jina la mama yako.