Nenosiri la Holo

Jumatatu, 2 Desemba
Nimesahihisha karatasi za kidato cha tatu hadi saa nne. Chai. Kisha fomu tena. Maombi ya shahada ya uzamivu katika takwimu, chuo kimoja cha Ulaya, nafasi moja tu yenye ufadhili. Kipengele cha saba: eleza utafiti ulioufanya. Nimeandika mistari mitatu, nimefuta miwili. Sina utafiti. Nina shahada ya uzamili yenye alama nzuri na tasnifu niliyoiandika bila kutoka maktaba, kwa matokeo ya mitihani yaliyokusanywa na wengine. Nina umri wa miaka thelathini na miwili. Mwalimu wa hisabati, Isevya, Tabora. Huo ndio wasifu wangu wote.

Alhamisi, 5 Desemba
Holo amepiga simu kutoka Ziba, wilayani Igunga. Ni dada niliyesoma naye uzamili darasa moja. Sasa anafundisha huko, naye anaomba nafasi hiyohiyo. Mtandao wa Ziba haupandishi faili. Hata kupiga simu mpaka asimame juu ya jiwe nyuma ya josho la ng'ombe. Ameniomba nimtumie maombi yake chuoni, kisha niwe nikiiangalia barua pepe yake mpaka majibu yatoke. Amenitajia nenosiri herufi moja moja, akanicheka nilipokosea.
"Kaka Deo, akienda mmoja wetu atamvuta mwenzake," amesema.
Nimekubali. Nilikuwa na nia njema. Naliandika hilo lijulikane, ingawa hakuna atakayesoma.

Jumapili, 8 Desemba
Misa na mama. Mchana nimesoma maelezo ya utafiti wa Holo, yaliyokuja kwa basi ndani ya flashi. Hakunituma kusoma.
Wafugaji wa Igunga hawamwambii mgeni wana ng'ombe wangapi. Holo hakuwalazimisha. Alitembea na kibuyu chenye maharage ya rangi mbili. Mfugaji anachomoa harage moja bila kulionyesha, na rangi yake ndiyo inayomwambia ajibu swali lipi: la ng'ombe waliokufa kiangazi, au jingine lisilo na madhara. Holo hajui nani kajibu lipi. Lakini anajua idadi ya maharage, na kwa watu wengi hesabu inautoa ukweli wenyewe. Mbinu iko vitabuni. Kibuyu ni chake. Miezi minne kwa baiskeli, peke yake.
Nimesoma mara mbili. Nina wivu. Hakuna neno jingine la kuliita jambo hili.

Jumamosi, 14 Desemba
Nimetuma yote. Yake saa tisa, yangu saa kumi. Sikubadilisha hata nukta katika ya kwake. Nilifikiria kubadilisha.

Jumanne, 14 Januari
Shule imefunguliwa. Vumbi la chaki, madawati hayatoshi. Kila mapumziko nafungua barua pepe yangu, kisha yake. Yeye aliniomba niangalie mara moja kwa wiki.

Jumatano, 22 Januari
Barua ya chuo imekuja. Kwake. Profesa wa chuo kile anasema uzoefu wake wa utafiti ni mdogo, ila kibuyu kimewashangaza wote, na wanataka kuzungumza naye Alhamisi ijayo. Athibitishe.
Kwangu hakuna kitu.
Nimeifunga. Nimeingia darasani nikafundisha mada ya wastani, vibaya. Mwanafunzi mmoja alinisahihisha ubaoni nikamfokea.

Ijumaa, 24 Januari
Nimejibu. Mistari miwili, kwa jina lake. Kwamba anashukuru, lakini kwa sababu za kifamilia anajitoa. Kisha nikaifuta barua ya profesa.  
Jioni Holo alipiga. Aliuliza kama kuna lolote. Nikasema hakuna. Akasikia sauti yangu imechoka, akanipa pole.

Jumatatu, 17 Februari
Nimekataliwa. "Uzoefu wa utafiti hautoshi." Kwa hiyo nafasi haikuwa yangu hata baada ya kumwondoa yeye. Nimemwangusha mtu ili nibaki palepale nilipokuwa.
Nimempigia Holo nikamwambia tumekataliwa wote wawili.  Akasema afadhali tumeanguka pamoja, angeumia zaidi angekwenda akaniacha.
Nilikata simu nikala. Nilikuwa na njaa.

Jumapili, 23 Februari
Holo amemtumia mama michembe kwa basi, viazi vitamu vilivyokaushwa, mfuko mzima. Mama ameipika kwa karanga, akamwombea mtumaji apate mume mwema. Nimeitikia amina.

Jumamosi, 8 Machi
Leo Holo alikuja Tabora kufuatilia uhamisho wake, akapita nyumbani. Alimwamkia mama, wakacheka. Mama alipoingia jikoni, Holo akaomba kompyuta yangu. Alitaka kusoma mwenyewe barua ya kukataliwa, ajue arekebishe nini mwakani. Sikuwa na sababu ya kumnyima.
Barua ya kukataliwa hakuiona, kwa kuwa haipo. Akatafuta. Akafungua barua zilizotumwa. Ya profesa niliifuta. Ile niliyomjibu kwa jina lake nilisahau kuifuta.
Alisoma taratibu. Niliziangalia nyaya za feni.
"Sababu za kifamilia," alisema. "Zipi, Deo?"
 Nilikuwa na siku arobaini na tatu za kutafuta jibu na sikulitafuta.
Mama alileta chai. Holo aliinywa yote, kwa heshima ya mama, huku akijibu maswali yake kuhusu mvua ya Ziba. Mlangoni aliniambia kwa sauti ya chini, "Utamwandikia yule profesa. Kwa jina lako." Akaondoka. Mama ananiuliza kwa nini hakungoja ugali.

Alhamisi, 13 Machi
Sijaandika.

Jumapili, 16 Machi
Sijaandika. Mama ameniuliza tena habari za Holo. Nimemwambia ana kazi nyingi. Uongo umekuwa mwepesi kama salamu.

Jumanne, 18 Machi
Nimeandika. Ukweli wote, aya moja. Profesa amejibu ndani ya saa moja. Nafasi imeshachukuliwa. Atamwandikia Holo mwenyewe. Jina langu limepelekwa kwa kamati, nisiombe tena pale. Hakuna tusi hata moja. Nilitamani liwepo.

Jumatano, 11 Juni
Semina ya walimu wa hisabati, Nzega. Baridi ya asubuhi, watu na makoti. Holo alikuwepo, mstari wa mbele. Amepunguza nywele. Mwalimu mmoja wa Igunga ameniambia profesa amemtaka Holo aombe tena, bila kumwahidi chochote, na kwamba kila Jumamosi yuko vijijini anakusanya majibu mapya. Simu zangu hapokei. Nilijaribu mara mbili tu.
Saa ya chakula foleni ilituweka karibu, yeye mbele yangu.
"Habari za kazi, mwalimu," alisema.
"Nzuri, mwalimu."
Alijipakulia, akanipa upawa, akaenda kukaa na wenzake. Wali ulikuwa bado wa moto. Nilikula karibu na dirisha. Mchana tulifanya maswali ya uwezekano mpaka saa kumi, kisha kila mtu akatafuta basi lake.