Kwa Mama Milembe, Aliyewafundisha Madaktari Kusema

Mama, mwaka umetimia tangu asubuhi ile ya tarehe 14 Mei ulipotuaga, hapa nyumbani Bariadi, ukiwa na umri wa miaka sitini na tisa. Tumeona tusikuandikie maneno ya jumla. Tutayataja uliyoyafanya, kwa mpangilio wake, ili na wengine wayasikie. Maana hata sisi wanao tulichelewa kuyajua.

Kwa miaka thelathini na moja ulikuwa mhudumu wa wodi. Ulideki chini ya vitanda huku habari nzito zikitolewa juu yavyo. Daktari alisema yake akaondoka. Wewe na ndoo yako mkabaki na aliyeambiwa. "Amesemaje yule?" walikuuliza. Ukaweka tambara chini, ukamwita nesi, ukamshika mgonjwa mkono mpaka nesi afike.

Ulipostaafu, Daktari Masele, msimamizi wa madaktari tarajali, alikuomba urudi kila Alhamisi. Hao ni vijana waliomaliza chuo, wakapelekwa hospitali kujifunza kazi kabla ya kupewa leseni. Dawa walizijua, kuongea na watu ndiko kulikowashinda. Wewe ukawa mgonjwa wao wa kujifunzia. Alhamisi moja ulikuwa bibi kutoka kijiji cha Mwamanyili anayeficha kwamba ametoka kwa mganga. Nyingine ulikuwa mama mkwe anayejibu kila swali analoulizwa mkamwana wake, na kijana wa watu akabaki ameshika kalamu.

Mwanao Specioza, mwalimu wa shule ya msingi anayetaka kila jambo likae mahali pake, alikutania: "Mama, umestaafu ukahamia kwenye maigizo?"

"Wewe una chaki yako," ukamjibu. "Niache na tumbo langu la uongo."

Siku moja alikusindikiza, akaketi nyuma. Kijana mmoja alikueleza habari ya presha kwa ufasaha, akamaliza kwa kuuliza, "Umeelewa, mama?" Ukasema ndiyo. Akatabasamu, akafunga faili.

"Usifunge," ukamwambia. "Huku kwetu kila mtu atakuambia ndiyo. Ni heshima tu, mwanangu. Mwombe akueleze atakavyomsimulia mumewe akifika nyumbani. Hapo ndipo utakapojua umeacha nini njiani."

Kijana akajaribu. Ukamsimulia kwa uso mkavu kwamba vidonge vyake ni vya kumeza siku kichwa kikiuma, na kwamba vikibaki utampa jirani. Chumba kizima kilicheka, na yeye pamoja nao. Specioza hakucheka. Alikuwa amewauliza wanafunzi wake "Mmeelewa?" kwa miaka kumi na tisa, na wote walikuwa wameitikia ndiyo.

Kisha ikaja Februari, ukaugua kweli. Ulilazwa katika wodi ileile uliyoideki. Majibu ya vipimo yaliporudi kutoka Mwanza, Daktari Masele alikuwa safarini, na kazi ya kukuambia ikamwangukia Daktari Precious, tarajali mwembamba aliyekuwa na miezi minne tu hapo hospitalini. Kwanza alituita sisi, kwa kuwa tulimsihi atuite. Alituambia ni saratani ya ini, na kwamba imekwisha kuenea.

Mama, tunakiri hapa mbele za watu: tuliomba ufichwe. Tuliogopa kwamba ukijua utakata tamaa, uache kula, na hata siku chache zilizobaki zipotee.

"Mwambie ni vidonda vya tumbo," Specioza alimwambia. "Tutakushukuru, daktari."

"Mwalimu, yeye ndiye aliyenifundisha nisiseme hivyo."

"Alikufundisha wewe," Luhaga, mdogo wake, akadakia. "Sisi ametuzaa!"

Binti yule hakukasirika. Alisema, "Kaka, sitamsukumia neno lolote. Naomba nimuulize anataka kujua kiasi gani. Akisema hataki kujua, nitaishia hapo. Akisema anataka, sitamdanganya."

Specioza alikubali, kwa sababu aliamini utasema hutaki.

Tuliingia pamoja. Precious alisimama miguuni pa kitanda, amelikumbatia faili kama ngao, akaanza, "Mama, kuhusu yale majibu..."

"Binti, toka nje," ukamwambia. "Uingie upya."

"Mayu," akakuita, yaani mama kwa Kisukuma, "leo si mazoezi."

"Najua. Ndiyo maana nimekwambia utoke."

Akatoka. Tulimsikia akivuta pumzi nyuma ya mlango. Akaingia tena, akakuamkia kwa jina la baba yako kama wazee wa hapa wanavyoamkiwa, "Mwangaluka, ng'wana Ngassa," akavuta kiti, akaketi uso wake ukiwa sawa na wako. Faili akaliweka sakafuni.

"Wewe mwenyewe unafikiri una nini, mayu?"

"Nafikiri pamba iliyoko shambani watavuna wengine."

Luhaga aligeukia dirishani. Specioza alishika ukingo wa kitanda. Wakati ule ndipo alipotambua kwamba kile tulichotaka kukuficha ulikuwa nacho tayari, na kwamba sisi tungekuacha ukae nacho peke yako.

"Ungependa nikueleze kiasi gani?"

"Chote. Ila polepole, na hawa wanangu wakiwa wameketi."

Tukaketi. Naye akakueleza kwa maneno ambayo hata mtoto wa darasa la tatu angeyafuata: ni saratani, iko kwenye ini, imeenea, dawa ya kuiondoa hatuna, ya maumivu tunayo, na haitakosekana. Akafungua mdomo aongeze jambo. Ukainua kidole kimoja tu, naye akanyamaza.

Hatujawahi kusikia kimya kama kile. Toroli lilipita koridoni likiyumba, mtu akakohoa kitanda cha pili, na hakuna aliyekiharakisha. Specioza, ambaye darasani hajawahi kuacha nusu dakika ipite bila neno, alihisi kama yuko kanisani mkate unapoinuliwa.

"Miezi au miaka?" ukauliza.

"Miezi, mayu. Michache."

"Umesema vizuri." Precious akaanza kulia, nawe ukampigapiga goti. "Lia tu. Ila lisogeze faili, lisije likalowa."

Ulijua, na hukukata tamaa. Ulipata wiki kumi na moja. Ulimwita dada yako Nyanjige kutoka Lamadi, ambaye hamkuwa mmesemezana naye tangu msiba wa baba yenu, mkashinda mnacheka kuanzia chai hadi chakula cha mchana. Ulichagua wimbo wa misa yako. Ulituambia nani akae na nyumba, na kwa nini, ili tusije tukagombana. Kama ungefichwa, yote hayo yasingekuwapo, tungebaki na uongo wa vidonda vya tumbo.

Wiki ya mwisho, ukiwa umesharudi nyumbani, mchana mmoja Specioza alikuwa akipanga vidonge vyako kwa safu mezani. Aliviacha. Akavuta kigoda karibu na mkeka wako, akauliza swali ambalo kwa miaka yote hakuwahi kumuuliza mtu.

"Mama, unaogopa?"

"Kidogo," ukasema. "Usinijibu kitu."

Hakukujibu kitu. Alikaa.

Wanaokukumbuka kwa upendo na kwa mshangao usiokwisha ni wanao Specioza na Luhaga, dada yako Nyanjige wa Lamadi, wajukuu zako Marcelo na Jenifer, ukoo wote wa Ngassa na wa marehemu baba yetu Mboje, Daktari Masele, Daktari Precious, na tarajali wote uliowatoa nje ukawaingiza upya.

Pumzika kwa amani, mayu. Siku zetu zote utabaki mioyoni mwetu.