Noti kwenye paji la Dinesh

Jumamosi usiku

Massawe kaniudhi kweli leo. Bendi ya rafiki yetu Dinesh inapiga roki waliyoitunga wenyewe, ukumbi mzima pale Upanga umetulia unasikiliza, mara yeye huyo jukwaani! Katikati ya wimbo anambandika Dinesh noti kwenye paji la uso, kama yuko kwenye taarabu.

Nikamfuata, nikamvuta shati. "Shuka bwana, unatuaibisha."

"Mtu anapiga gita hivi, nisimtunze?"

Na mlangoni amesimama baba yake Dinesh, kaja kumchukua mwanawe. Wote tunajua alishasema gita liuzwe. Siku hizi biashara ni ruksa, kila mtu anafungua duka Kariakoo, sasa kijana wake anahangaika na nyuzi za nini?

Mzee akaanza kuja mbele. Nikajua basi, anakuja kuzima spika.

Akapanda taratibu, akatoa noti, akambandika mwanawe pembeni ya ile ya Massawe. Akashuka, akarudi mlangoni kusubiri.

Dinesh akawa anakosea gita mpaka wimbo ukaisha.

Na mimi nilikuwa bado nimeshika shati la Massawe.