Kikohozi cha Baba Mkwe na Wageni wa Nyotani

Jumatatu, Tunduma. Upepo unavuma tangu asubuhi na vumbi la malori limeingia mpaka kwenye sukari, lakini leo hata vumbi nalipenda. Nimeolewa! Najua nimeshaandika hivyo kila mara tangu harusi. Mtanivumilia.

Tumerudi jana kutoka Ikinga, Ileje, kwa wakwe zangu, na moyo bado unacheza.

Nianze na kitabu. Asajile, mume wangu, ni fundi umeme wa malori. Dereva mmoja wa Zambia alimwachia riwaya ya Kiingereza yenye jalada la kutisha: kiumbe wa kijivu, kichwa kama boga, macho kama sahani. Kila jioni baada ya kula ananisomea huku akinitafsiria. Sauti yake ikisoma! Ningemsikiliza hata akisoma maelezo ya dawa ya mahindi.

Katika hadithi hiyo, chombo kutoka nyotani kimetua mlimani na mlango wake haufunguki. Majeshi yamekizunguka kwa silaha. Mtawa mmoja mzee anapanda peke yake, anaketi mbele ya mlango, na kila asubuhi anaimba zaburi. Tulikuwa tumefika pale ambapo kitu kilichomo ndani kinaanza kuitikia.

Hapo ndipo nilipoanza kuhangaika. Nimekulia kwenye kwaya. Nilimuuliza Asajile, kama viumbe hao wapo, Yesu aliwafia na wao? Akasema hajui. Nikawa nikisali najisikia kama kuna kitu namficha Mungu.

Sasa, baba mkwe. Kwa mila ya ukoo wao, mkamwana hamwoni baba mkwe wala hasemi naye mpaka siku baba mwenyewe atakapompa jogoo. Kabla ya hapo, mzee hukohoa akikaribia, nami hukimbilia migombani. Nimeshakwenda kule mara kadhaa, na nilichokijua kwake kilikuwa kikohozi tu. Tena ni mzee wa kanisa, mkali. Aliwahi kumtoa kijana kwenye kwaya kwa sababu ya mtindo wa nywele.

Nilimtamani jogoo yule kuliko nilivyotamani gauni la harusi. Baba yangu alifariki nikiwa mdogo.

Nilitaka tena mtu wa kumwita baba.

Basi, Jumamosi niliandaa kapu la zawadi: mchele, sukari, majani ya chai, na blanketi, maana baridi ya Ileje si ya mchezo. Kitabu nikakitupia juu ili tusome njiani, nikisema nitakitoa tukishuka. Nikasahau! Mama mkwe alinipokea kwa vigelegele, akalibeba kapu moja kwa moja mpaka chumbani kwa baba. Na kwao, kapu likishaingia kwa baba mkwe, hakuna kinachorudi.

Nilikuwa jikoni, ukuta mmoja na chumba chake, niliposikia kikohozi. Hakikuwa kile cha kuniambia nipishe njia.

"Atupele!" alimwita wifi yangu. "Muulize mwenye kapu, huyu shetani ni wa nini?"

Wifi akasimama mlangoni, katikati yetu. Dirisha halina kioo na kila mtu alikuwa anamsikia mwenzake vizuri kabisa. Lakini mila ni mila.

"Wifi, baba anauliza huyu shetani ni wa nini."

"Mwambie si shetani. Ni mgeni."

"Baba, anasema ni mgeni."

"Mgeni wa wapi ana kichwa hivi? Ninyi wa Tunduma mnapokea kila mtu!"

Asajile akacheka kule uani. Nilimkata jicho! Jogoo wangu ameota mbawa, nikajisemea.

Sikuwa na la kufanya ila kusema kweli. Nikapiga magoti kando ya jiko nikasimulia yote: chombo, mlima, mtawa, zaburi. Mwanzoni wifi alirudia kila sentensi. Baadaye akanogewa, akasahau kazi yake, akaketi chini kusikiliza. Nilipomaliza nikatoa na lililokuwa moyoni.

"Mwambie baba, sijui kama viumbe hao wana Mungu, na jambo hilo linanisumbua."



"Atupele, mwambie," mzee akasema, sauti imeshuka. "Babu yangu alipomwona mzungu wa kwanza wa misheni alikimbilia migombani. Alidhani ni mtu aliyechunwa ngozi. Akakaa humo mpaka alipomsikia anaimba. Na yule mzungu naye alidhani anatuletea Mungu. Akakuta tunaye, tena tunamwita kwa jina letu. Sasa hawa wenye kichwa cha boga, nani kasema hawana? Aliyewaumba hakungoja sisi tuwafikie."

"Wifi, baba anasema..."

"Nimesikia, wifi." Nilikuwa nalia, na si kwa moshi.

"Na muulize, huyo mtawa alifunguliwa mlango?"

"Bado hatujafika huko, baba!"

Lilinitoka. Moja kwa moja, bila wifi, bila jogoo. Mama mkwe akashika mdomo. Asajile aliacha kucheka. Kutoka chumbani kikaja kikohozi kirefu, kikaendelea na kuendelea, mpaka tukatambua kwamba si kikohozi. Mzee alikuwa anacheka.

"Mkamateni yule jogoo mwekundu," akasema, "kabla huyu binti hajanivunjia mila zote."

Akatoka nje. Nilikuwa nimemdhania jitu, kumbe ni mzee mfupi, masikio ni ya Asajile kabisa, na kichwa, Mungu anisamehe, kikubwa, kipara tupu, kama cha kwenye jalada! Akaniwekea jogoo mikononi.

"Karibu, mwanangu."

Jogoo amefungwa chini ya meza ninapoandika, na anawika kila lori likipiga honi. Hachinjwi huyu! Kitabu kimebaki Ikinga, kwa sababu kapu halirudi. Baba amekataza mtu asifunue ukurasa mpaka Jumamosi, tutakapokwenda Asajile atusomee sote, mlango ufunguke yeye akiwepo.

Leo nikisali nitawaombea na wale wa nyotani, kama wapo. Hasa yule mmoja wao ambaye siku tutakapofika kwao atakimbilia migombani.

Asitoke haraka. Asubiri kwanza atusikie tukiimba.