Biskuti za Maini, Marufuku Uani

Jumatano, 2 Kartik

Bango jipya bombani: MARUFUKU KULISHA MBWA NDANI YA UA. Sahihi ya mwenyekiti wa kamati, Ratnaman – mdogo wa marehemu mume wangu. Amekulia humuhumu Patan, uani humuhumu, akigombania mifupa na mababu wa mbwa haohao. Sasa ana nyumba ya wageni na mashuka meupe. Kubweka kunawashtua wageni, anasema.

Nimelisoma bango lote, kwa heshima. Kisha nikasimama kizingitini – kizingiti si ua – nikarusha biskuti. Seti, mbwa mkongwe wa ua, akadaka. Jicho moja halioni, ila pua yake haijazeeka.

Alhamisi, 3 Kartik

Bango limeongezwa mstari kwa kalamu: WALA KUTOKA MILANGONI. Sawa. Nina dirisha. Nina kikapu. Nina kamba.

Leo nimepika maradufu, kwa ukaidi tu. Maini ya nyati nachemsha, naponda, nachanganya na boga na unga wa ulezi. Yai. Chumvi hapana, sukari hapana, kitunguu kamwe! Kitunguu ni sumu kwa mbwa, na watu hapa huwamwagia mabaki ya mchuzi wakidhani wanatenda wema. Naviringa, nabonyeza kwa kidole, naanika uteoni juani, namalizia kwenye kikaango kikavu mpaka zigongane kama kokoto.

Keshari, mke wa Ratnaman, kapita na ndoo. "Makubwa, dada! Mbwa wale maini, mwenyekiti ale pepeta kavu za mchele?"

Nikamwambia mwenyekiti naye anakaribishwa chini ya dirisha, ila apange foleni. Alicheka mpaka maji yakamwagika. Halafu akageuka kutazama kama kuna aliyesikia.

Ijumaa, 4 Kartik

Leo sina mzaha. Keshari kaninong'oneza: gari limeagizwa. Mbwa wote wa ua watapakiwa, wakatupwe msituni nje ya mji. Seti! Hapa kila pembe anaijua kwa pua. Huko mbwa wenyeji watamrarua siku hiyohiyo.

Nikamfuata Ratnaman. Alikuwa anapiga pasi foronya.

"Shemeji, mimi si katili," akasema. "Sikukuu ikifika, siku ya mbwa nimewaachia. Wavishwe maua, wapakwe tika ya unga mwekundu, wale mpaka wavimbe. Gari linakuja kesho yake, asubuhi ya Lakshmi. Mungu wa mali ataingiaje kwenye ua wenye viroboto?"

"Ni neno lako la mwisho?"

"La mwisho! Nimeshamwapia dereva: asubuhi ya Lakshmi, hata mvua ya mawe inyeshe."

Nikarudi nyumbani, nikasimama mbele ya kalenda. Mazoea ya sikukuu ya Tihar ni haya: kwanza siku ya kunguru, kesho yake mbwa, kesho yake Lakshmi. Ila mwaka huu mwezi umezibana siku mbili ndani ya moja. Jumatatu asubuhi, mbwa. Jumatatu hiyohiyo jioni, Lakshmi. Mwenyekiti amehesabu kwa mazoea: Lakshmi Jumatatu, basi mbwa Jumapili.

Nimkumbushe? Mimi mjane tu. Na kwenye bango sijaona mstari unaosema nimsomee kalenda.

Jumapili, 6 Kartik

Siku ya kunguru. Wamepata wali wao juu ya paa, wakanitukana kama kawaida.

Kutwa jikoni. Moshi machoni, mikono inanuka maini – raha! Keshari kaja na fungu zima la maua ya manjano, tukakaa kutunga mashada. Nikamwuliza kama mumewe anajua kesho ni siku gani.

"Hajaniuliza, dada. Ameuliza soksi zake tu."

Jumatatu, 7 Kartik

Naandika hapahapa kizingitini, kando ya bomba, sahani magotini.

Alfajiri nilishuka na sinia. Si mimi peke yangu! Milango ikafunguka mmoja mmoja, hata ya wanakamati waliopiga kura gari liitwe. Siku yake mbwa humnyimi. Kila mbwa tika nyekundu usoni, shada shingoni. Seti mashada matatu – anatembea kama bibi harusi mwenye kiuno kibovu.

Ndipo gari likaingia.

Dereva kashuka na kamba yake, kaona, kaificha kamba mgongoni. "Mzee, umeniitia nini leo? Mbwa mwenye tika mimi simgusi. Nina watoto."

"Leo ni Lakshmi!" Ratnaman akafoka kutoka barazani.

"Jioni," tukamjibu. Ua mzima. Hatukupanga.

Akatazama simu yake. Akaitazama tena. Masikio yakawa mekundu.

"Basi wavueni hayo maua!"

"Wavue wewe," akasema mkewe, mkono kiunoni. Mbele ya watu! Sijapata kumsikia Keshari akisema hivyo.

Ratnaman kashuka. Madirisha yote wazi, mpaka ya wageni wake – mmoja anapiga picha, wala hajashtuka. Kamwendea Seti, kainama, kashika shada la kwanza. Seti kamnusa kiganja, kaona kitupu, kaanza kukilamba.

Akaliachia shada. Akakaa kwenye ngazi ya bomba, chini ya bango lake.

Dereva yuko pembeni yangu, kajihudumia biskuti mbili. "Hazina chumvi," analalamika. Anatafuna tu. Anasema atangoja: mwenyekiti akitamka "pakia", jua likizama atapakia. Akitamka "nenda", anaenda.

Nimenyoosha sahani kwa mkono mmoja, kalamu iko kwa mwingine. "Shemeji, siku yake hii. Usimpe mkono mtupu."

Hajachukua. Seti kaweka kidevu gotini kwake, juu ya suruali iliyopigwa pasi, unga mwekundu unapukutika. Hajamsukuma. Keshari anaita chai inapoa. Yeye anatazama sahani.

Mkono wangu umeanza kuuma, lakini siushushi.