Maganda ya Karanga Kwenye Santuri ya Mama

Eti, "Shemeji, kelele zote hizi kwa kisahani cha plastiki?"

Shoga, mdogo wake mume wangu ameitia santuri ya mama kwenye oveni, ikalainika, akaifinyanga ikawa bakuli. Bakuli!

Santuri ile ile ambamo mama aliimba mashairi akisindikizwa na piano, kabla sijazaliwa. Marehemu hakutuachia sauti nyingine.

Nimemkuta anakula karanga humo, na maganda anatemea humo humo.

Anacheka. "Si hamna hata gramafoni?" Si hamna hata gramafoni!

Mume wangu ananiambia tuongee kesho. Kesho ya nini? Nimemmwagia huyo mdogo wake maganda yake mapajani, nikamnyang'anya ufunguo wa nyumba, nikatupa begi lake nje. Kalifuata. Nimefunga mlango.