Nyuzi Nne za Jumapili

Jumatatu, 6 Machi

Friji ya chanjo ilikuwa imezimwa. Tangu Ijumaa jioni! Na aliyeizima ni mimi.

Chumba cha chanjo hapa kliniki kina soketi moja nzima, ile nyingine iliungua zamani. Ijumaa saa kumi na moja nilichomoa friji nikachomeka birika. Nikanywa chai yangu, nikafunga mlango, nikaenda zangu. Leo nimelikuta birika bado limechomekwa palepale.

Na fomu ya joto, ile inayoning'inia mlangoni mwa friji? Imejaa vizuri kabisa. Jumamosi asubuhi nyuzi 4, jioni 5. Jumapili 4 na 4. Mwandiko wangu. Kila Ijumaa huwa najaza za wikendi kabla sijaondoka, na ya Jumatatu asubuhi juu yake — miaka tisa sasa. Nani aje Jumapili kusoma kipimajoto?

Nimegundua saa sita mchana, nilipokwenda kuongeza chupa. Kipimajoto kinasema 21, na chanjo haitakiwi kuzidi 8. Nikachomeka plagi, nikafunga mlango polepole kama mwizi.

Chanjo hapa ni Jumatatu tu, na saa hiyo watoto kumi na tisa walikuwa wameshachomwa. Dozi ya nyongeza ya korona, wa chini ya miaka mitano. Mmoja wao ni mjukuu wangu, Kinanda. Tunamwita hivyo kwa sababu ya kilio chake, kina sauti zote. Kifua chake kibovu tangu azaliwe. Korona ilimlaza siku kumi na moja, bomba puani. Mama yake, binti yangu, hakuitaka hiyo dozi ya nyongeza. Alisema mbili zinatosha, nyie wa kliniki mna tamaa ya sindano. Ni mimi niliyembembeleza wiki mbili nzima.

Sijamwambia mtu.

Jumanne, 7 Machi

Nimemuuliza nesi, kama mtu anayepiga soga tu: hivi chanjo ikipata joto siku mbili tatu, inakuwa sumu? Akacheka. Sumu wapi, mzee wangu, inakufa tu. Unakuwa umemchoma mtoto bure, mpaka arudiwe. Kwa nini? Nikasema basi tu, nilisikia redioni.

Binti yangu amepiga simu jioni. Amefurahi! Safari hii hata homa hana, Baba, amelala fofofo.

Homa itoke wapi!

Jumatano, 8 Machi

Leo nimesema. Nimeingia ofisini kwa Sista Mkuu, msimamizi wa kliniki yetu, nikasimama kama mtoto wa shule, nikasema yote. Plagi, birika, fomu.

Akanisikiliza mpaka mwisho. Kisha akainuka, akaenda kuleta ile fomu. Akaiweka mezani, akaipigapiga kwa kidole.

— Hapa pameandikwa ngapi?

— Nne, Sista.

— Na hapa?

— Nne. Lakini niliandika mimi, Ijumaa. Sikuja Jumapili.

— Unaniambia uliongopa.

— Niliongopa, Sista.

— Sasa nitajuaje kwamba huongopi leo?

Jamani! Uongo wangu wa miaka tisa unaaminiwa, ukweli wangu wa dakika tano unakataliwa. Na anayenishinda ni nani? Mimi mwenyewe, kwa wino wa bluu!

Halafu akashusha sauti. Akanitaka nikae. Akaniambia, kaka, unawajua kina mama wa hapa. Tumewavuta kwa mbinde kwa hii ya korona. Nikiwaita niwaambie tuliwachomea watoto kitu kibovu, kesho hata surua hawaleti. Unataka surua irudi hapa? Unaitaka hiyo?

Siitaki. Niliitikia hivyo, nikatoka. Nimefika mlangoni kwangu ndipo hasira zikanipanda. Kwa hiyo kumi na tisa wale ndio wa kutolewa kafara? Wanatembea na kadi imegongwa muhuri, mama zao wametulia wakiamini watoto wana kinga, na sisi tunanyamaza kwa faida yao!

Chupa zilizobaki, nashukuru, jioni wakati natoka kazini sikuziona tena kwenye friji. Sista kazitupa kimyakimya. Kwa hiyo ananiamini! Ananiamini vizuri sana, ila hataki iandikwe.

Alhamisi, 9 Machi

Nimefagia. Nimepiga deki mara mbili. Sijaongea na mtu. Nesi ananikwepa, kumbe keshaambiwa.

Joto la friji: 5. Nimelisoma kwa macho yangu, asubuhi na jioni. Aibu ilioje, kujisifia kitu kama hicho.

Ijumaa, 10 Machi

Mkaguzi kaja. Kijana ana viatu vinang'aa, na kompyuta yake kwapani. Kaenda moja kwa moja kwenye friji, lakini mlango hakuufungua! Kapiga picha fomu. Akasema vituo vyote angevikuta hivi, kazi yake ingekuwa raha. Hakuna hata siku moja iliyorukwa, hata wikendi! Nani anajaza?

Sista Mkuu akanionyesha kwa kidevu.

— Hongera sana, mzee. Wewe ni mfano.

Mfano! Nikasema mbele yao wote: mkubwa, hizo namba za wikendi ni za uongo. Nazitunga. Jumatatu hii kulikuwa na 21 humo ndani na watoto wamechomwa.

Nesi akatazama dari. Sista Mkuu akacheka kidogo, cheko la kumwonea mtu huruma. Akasema mzee wetu amechoka, mkubwa, tangu afiwe na mkewe hayuko sawa, tunampa likizo kuanzia kesho.

Mke wangu amefariki miaka sita iliyopita! Sikuwahi kukosa kazi hata siku moja kwa ajili ya msiba ule, zaidi ya zile siku nne. Leo wamemfukua wamfanye kisingizio.

Yule kijana akanishika bega. Pole, mzee. Pumzika. Halafu akaniambia kwa upole kabisa: maneno kama hayo usiyaseme hovyo, unaweza kuwaharibia wenzako kazi. Akaandika kitu kwenye kompyuta yake. Nikachungulia. Alikuwa ameweka alama ya vema.

Nimeondoka na daftari la majina. Ndiyo, nimeliiba. Liko hapa chini ya mto. Majina kumi na tisa na namba za simu.

Jumamosi, 11 Machi

Nimeanza saa mbili asubuhi. Nilikuwa nimeandika karatasini nitakavyosema, nikaona nasoma kama mtangazaji wa habari. Nikaichana.

Wa kwanza hakunielewa. Wewe ni daktari? Hapana mama, ni mhudumu, yule anayeita majina mlangoni. Basi mpe simu daktari, akakata. Wa pili kanitukana mimi, kaitukana kliniki, kamtukana na mama aliyenizaa, kisha akauliza: sasa nimpeleke wapi arudiwe? Nikamwelekeza hospitali kubwa, aseme friji ilizimwa, asikubali kurudishwa. Akasema asante. Halafu akanitukana tena.

Mmoja alicheka sana. Eti alijua tu, nyie watu hamna maana. Hatampeleka popote, na hata zile chanjo nyingine basi, imetosha. Nikamsihi. Akakata. Sista Mkuu angekuwepo angeniambia, si nilikuambia? Na angekuwa na haki yake, huyo mmoja ni wa kwangu, nimembeba. Lakini wengine kumi na wanne wamesikia na wanakwenda! Kumi na wanne! Wawili simu haziiti.

Binti yangu nimempigia wa mwisho. Saa saba.

Nimemwambia yote. Plagi, birika, fomu. Nimemwambia niligundua saa sita mchana. Hakunikatiza hata mara moja. Nilimsikia Kinanda nyuma anaimba, anakohoa, anaimba. Nikadhani atalia, au atanifokea, nilikuwa tayari kwa yote. Akauliza polepole, kama mtu anayeulizia njia:

— Lakini Baba, chupa za asubuhi si huwa unazitoa wewe?

Nikamwambia mtandao unakatika. Nikakata simu.

Tazama nilivyo. Nawalaani Sista Mkuu na mkaguzi wiki nzima, na humu humu, kwenye daftari asilolisoma mtu, nimeongopa tangu Jumatatu. Haikuwa saa sita. Ilikuwa saa moja na nusu asubuhi. Nilifungua friji nitoe chupa za siku, nikaiona ile 21. Nje foleni imeshafika getini. Nikawaza watanifukuza kazi. Nikazipanga chupa kwenye kasha la barafu, moja moja, nikampelekea nesi. Kisha nikasimama mlangoni nikaita majina, sauti ya juu kama kawaida. Nikaita na la mjukuu wangu. Alikuwa anarusha mateke. Nesi akasema, babu, mshike mikono. Nikamshika.

Amepiga mara tatu, sijapokea. Sasa ameandika ujumbe: Nakuja. Usitoke.

Ni mwendo wa dakika ishirini kutoka kwake. Nimeinuka kuuangalia mlango. Kumbe nilikuwa nimeufunga kwa ufunguo, mchana kweupe! Nimeufungua. Nimeuacha wazi kabisa, kitambaa cha mlangoni kinapepea. Nasikia Kinanda anakohoa njiani, au ni mtoto wa mtu mwingine —